Paskali 120,000 kwenye boksi: nini hasa kinaendesha vakyumu ya betri

Matangazo ya vakyumu za betri, mashine za kuondoa vumbi zisizo na waya, yamejaa kwenye simu zetu. Mkono unapitisha kimashine kidogo juu ya kiti cha gari, mchanga unatoweka, na chini kuna maandishi mekundu: 120,000 Pa. Bei ni ya kutupa. Ukiteremka kidogo unakutana na vakyumu ndefu ya kusimama, ya kampuni yenye jina, bei yake mara kumi ya ile ya kwanza, na imeandikwa 25 kPa tu. Ndipo mtu anauliza kwenye grupu la WhatsApp la ploti: mbona ninunue 25 kwa pesa nyingi na kuna 120,000 kwa bei ya mitumba?

Swali ni halali, na anayejibu kwamba "za bei rahisi ni feki" bado hajalijibu. Tuanze na vipimo. Pa ni paskali, kipimo cha shinikizo, yaani nguvu inayosukuma juu ya eneo fulani. Paskali 1,000 ni kilopaskali moja, kPa 1. Kwa hiyo mashine ya pili ina paskali 25,000, na pengo si kubwa kama lilivyoonekana mwanzoni. Hata hivyo 120,000 bado ni karibu mara tano ya 25,000. Hapo inabidi tuulize shinikizo lenyewe hutoka wapi.

Vakyumu haivuti uchafu. Inachofanya ni kufukuza hewa. Ndani yake kuna feni inayozunguka kwa kasi na kuirusha hewa nje, na nyuma ya feni hewa inabaki haba. Hewa ya chumbani, ambayo muda wote inatukandamiza kutoka kila upande bila sisi kuhisi, inakimbilia kujaza pengo hilo. Ikikimbia inapita kwenye mdomo wa mashine, na vumbi lililo njiani linachukuliwa. Anayefanya kazi ya kusukuma ni hewa ya nje.

Kutokana na hilo kuna kikomo ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukivuka. Usawa wa bahari, kule Mombasa, hewa inakandamiza kwa takriban kilopaskali 101. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 82. Hata ungepata mashine ya ajabu inayoondoa hewa yote ndani yake isibaki hata chembe, hewa ya Nairobi ingeisukuma kwa kilopaskali 82, basi. Paskali 120,000 ni kilopaskali 120. Kimashine cha kushika mkononi kinachodai hivyo kinadai kushinda hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, na cha Mombasa pia kingekuwa kinasema uongo. Vimashine vya aina hiyo vikipimwa hutoa kilopaskali chache tu.

Nairobi inatupa tatizo lingine ambalo boksi halilitaji. Vipimo vya kiwandani kwa kawaida huchukuliwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, na feni ikizunguka kwa kasi ileile ndani ya hewa nyepesi inaleta msukumo mdogo zaidi. Vakyumu ya 25 kPa ukiiwasha Kileleshwa au Kayole, tarajia kama 20 hivi. Haijaharibika na hujaibiwa. Faraja ndogo ni kwamba hewa nyepesi inaipunguzia mota kazi, kwa hiyo betri nayo inadumu kidogo zaidi.

Namba ya kweli nayo inaweza kupotosha

Tuseme namba ya boksi ni ya kweli. Bado haikuambii zulia litasafishika namna gani, kwa sababu ya jinsi inavyopimwa. Kilopaskali za boksi hupimwa mdomo wa mashine ukiwa umezibwa kabisa. Chukua mrija wa soda, uzibe upande mmoja kwa kidole, kisha fyonza upande wa pili. Mashavu yanaingia ndani, mvuto ni mkali kuliko wakati wowote, na hakuna tone la soda linalofika mdomoni. Ukiondoa kidole, mvuto unalegea na soda inaanza kupanda. Kazi inafanyika pale tu mvuto na mtiririko vinapokuwepo kwa pamoja.

Ndiyo maana wahandisi hutumia kipimo kingine, wati za hewa. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kilopaskali kwa lita za hewa zinazopita kila sekunde. Mashine inayopitisha lita 10 kwa sekunde huku ikihifadhi kilopaskali 10 inafanya kazi ya wati 100 za hewa. Ikizibwa, lita ni sifuri, na sifuri mara kilopaskali zozote ni sifuri. Ukikuta boksi limeandika wati za hewa, muuzaji huyo angalau amekubali kupimwa mashine ikiwa kazini.

Usichanganye wati hizo na wati za umeme. "150W" kwenye boksi kwa kawaida ni umeme ambao mashine inakula, na sehemu kubwa yake huishia kuwa joto na kelele. Umoja wa Ulaya ulipoanza mwaka 2017 kutekeleza sheria kwamba vakyumu za nyumbani zisizidi wati 900, wengi walidhani nyumba zao zitabaki chafu. Zilibaki safi, kwa kuwa mashine nyingi za wati 2,000 zilikuwa zinakula umeme bila kuugeuza kuwa mtiririko.

Betri ndiyo bosi

Vakyumu ya waya inajichotea kutoka soketini bila kujiuliza. Ya betri imepewa kibaba kidogo, na ukiijua hesabu ya kibaba hicho utaelewa karibu kila uamuzi wa aliyeibuni.

Ndani ya betri yake mna seli za lithiamu, vijisilinda vyembamba ambavyo fundi yeyote wa Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki hapa Nairobi, anavijua kwa namba yao, 18650: milimita 18 upana, milimita 65 urefu. Kila seli ina wastani wa volti 3.7. Zikiungwa sita mfululizo, moja nyuma ya nyingine, zinakuwa volti 22.2, namba utakayoiona kwenye mashine nyingi. Ujazo huandikwa kwa mAh, miliampea-saa. Chukua betri ya kawaida ya volti 22.2 na mAh 2,200, ambazo ni ampea-saa 2.2. Zidisha namba hizo mbili: unapata karibu wati-saa 49. Hiyo ndiyo akiba yote. Ikiwa mashine inakula wati 49, itafanya kazi saa moja. Ikila wati 150, itafanya kazi kama dakika 20. Kwenye kitufe cha nguvu zote, tuseme wati 350, ni dakika nane na kitu.

Sasa ile "dakika 60" ya boksi inaeleweka. Ni ya kasi ya chini kabisa, na mara nyingi bila kile kichwa chenye brashi ya kuzunguka, ambayo ina mota yake ndogo inayokula kutoka betri ileile. Si uongo, ila ni saa moja ya kuondoa vumbi la rafu. Zulia la manyoya la sebuleni litakupa chini ya theluthi ya muda huo.

Kwa nini tofauti kati ya kasi ya chini na ya juu ni kubwa hivyo? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Feni ina tabia ya ajabu: ukiongeza mwendo wake maradufu, hewa inayopita inaongezeka maradufu, shinikizo linaongezeka mara nne, na umeme unaoliwa unaongezeka mara nane. Ugeuze: ukipunguza mwendo hadi nusu, unatumia sehemu moja ya nane tu ya umeme. Aliyebuni kitufe cha kasi tatu anacheza na sheria hiyo. Na wewe unaweza kucheza nayo. Kwenye vigae, ambako vumbi limelala tu juu, kasi ya chini inatosha na betri inamaliza nyumba nzima. Kasi ya juu ibakizie zulia na kona za sofa, kwa sekunde chache. Anayewasha nguvu zote kuanzia mlangoni atakwama katikati ya chumba cha pili, kisha alaumu betri.

Mtu atasema: si waongeze seli tu? Wanaweza. Kila seli ina uzito wa karibu gramu 45, na mashine hii huinuliwa mkononi, hupelekwa juu ya pazia, hupandishwa ngazi za ghorofa ya nne isiyo na lifti. Seli sita za ziada ni robo kilo na zaidi, nyingi zikiwa karibu na kiganja. Ndiyo maana wabunifu wamehangaika zaidi na mota kuliko na betri.

Mota za zamani, na za mashine nyingi za bei ya chini hadi leo, hupokea umeme kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na kiini kinachozunguka. Msuguano ni joto, ni cheche, na kaboni huisha. Mota isiyo na kaboni huweka sumaku katikati na koili, yaani nyaya zilizoviringwa, pembeni, kisha bodi ndogo ya elektroniki huzima na kuwasha koili hizo kwa zamu ili sumaku izifuate. Hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi, hivyo inaweza kwenda kasi ya kutisha. Dyson, kampuni ya vakyumu, walipotoa modeli ya V10 mwaka 2018 walisema mota yake inafika mizunguko 125,000 kwa dakika, na mwanzilishi wao, James Dyson, akatangaza kwamba kampuni haitabuni tena vakyumu mpya za waya. Kasi hiyo inahitajika kwa kuwa feni ni ndogo. Feni pana inaweza kuzunguka polepole na bado ncha zake zikaenda mbio. Feni inayoenea kiganjani haina njia nyingine.

Vumbi letu

Baada ya betri, kinachoamua maisha ya mashine ni njia ambayo vumbi linapita, na hapa Nairobi ina vumbi la kila namna. Udongo mwekundu wa kiangazi cha Januari ni laini kama poda. Saruji ya nyumba inayojengwa ng'ambo ya ua ni mbaya zaidi.

Hewa ikiingia kwenye kikombe cha uchafu inalazimishwa kuzunguka kwa kasi ndani ya koni. Chembe nzito hurushwa ukutani na kuanguka chini. Watu wengi hudhani mzunguko huo ndio unaosafisha kila kitu. Hausafishi. Chembe laini kabisa ni nyepesi mno kurushwa, hivyo huendelea na hewa hadi kwenye filta. Filta ya HEPA halisi, kwa kipimo cha Marekani, hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Lakini neno hilo kwenye boksi halisaidii ikiwa mpira unaoziba kando ya filta umelegea, kwani hewa itapita pembeni na vumbi litarudi chumbani likiwa limegawanywa vizuri zaidi. Mwenye pumu nyumbani aangalie mpira huo kabla ya kuangalia kilopaskali.

Filta ikijaa, mashine hubadilika sauti. Inapiga yowe jembamba, na kuna anayefurahi akidhani nguvu imepanda. Ni kinyume chake. Feni iliyozibiwa hewa haina mzigo wa kusukuma, kwa hiyo inazunguka haraka zaidi na sauti inapanda. Hewa inayopita ndiyo pia inayopoza mota, na sasa haipo. Mashine nzuri hujizima au hukohoa kwa vipindi. Ya bei rahisi inaendelea hadi harufu ya kuungua.

Filta nyingi huoshwa kwa maji, na hapo ndipo mashine nyingi hufa. Maelekezo husema iache ikauke saa 24. Mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa na mawingu na baridi kuanzia asubuhi, saa 24 hazitoshi. Filta yenye unyevu hugeuza vumbi kuwa tope, na unyevu huo huenda moja kwa moja kwenye mota. Nunua filta ya pili, uzizungushe kwa zamu. Unga uliomwagika na majivu ya jiko yasiingie humo kabisa: unga huziba filta papo hapo, na kaa moja lenye moto ndani linatosha kuyeyusha kikombe.

Kisha kuna nywele. Brashi inayozunguka kwenye kichwa imetengenezwa kupiga zulia ili vumbi lililozama lipande juu, kazi ambayo mvuto peke yake hauwezi. Nyumba ambayo watu wanasukwa na kufumua, nyuzi za kusukia zinajifunga kwenye ncha za brashi hiyo. Nyuzi hizo ni plastiki. Msuguano unazipasha moto, zinayeyuka na kushikana na beringi, na mota ndogo ya brashi inaanza kula umeme mwingi bila kuzunguka. Pitisha mkasi kwa urefu wa brashi mara kwa mara. Kwa nyumba yenye vigae vitupu, bila zulia wala sofa za kitambaa, sioni sababu ya kununua mashine hii. Fagio na mopu zinafanya kazi ileile na hazihitaji filta.

Chaji, stima na fundi

Watu wazima wengi walifundishwa kwamba betri huachwa iishe kabisa ndipo ichajiwe, na mara ya kwanza ichajiwe saa nane. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli na kadimi, kama zile za Dustbuster ya Black & Decker ya mwaka 1979, vakyumu ya mkononi iliyozipa mashine hizi umaarufu. Lithiamu ni kabila lingine. Kuishusha hadi sifuri kunaichosha, na kuiweka mwezi mzima ikiwa imejaa pomoni katika joto kunaichosha pia. Ukisafiri ushago kwa Krismasi, iache ikiwa nusu, pakavu, nje ya jua.

Kuiacha usiku kucha kwenye chaji? Ndani ya betri yoyote yenye heshima kuna bodi ya ulinzi inayokata umeme seli zikifika volti 4.2, na inayokata pia zikishuka mno au zikipata joto. Hatari halisi ni chaja ya kuazima. Kipini kinaingia vizuri, lakini chaja ya betri ya seli saba hutoa kama volti 29, na seli sita zikijaa zinahitaji 25.2. Bodi ya ulinzi ikiwa dhaifu, hakuna kitakachosimama katikati.

Wanaohofia tokeni nao watulie. Kuijaza ile betri ya wati-saa 49, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, ni kama sehemu 6 za 100 za uniti moja, ambayo ni wati-saa 1,000. Hata ukihesabu uniti kwa shilingi 30, haifiki shilingi mbili. Kinachokera ni muda: chaja nyingi hutoa nusu ampea, kwa hiyo ampea-saa 2.2 zinachukua zaidi ya saa nne kurudi, kwa dakika 20 za kazi. Stima ikipotea Jumamosi asubuhi na hukuichaji Ijumaa, hakuna usafi.

Baada ya miaka michache dakika 20 zinakuwa sita. Hapo betri imezeeka, mashine bado nzima, na unaipeleka kwa fundi mjini. Fundi mzuri anaweza kuifufua, ila kuna mambo mawili ya kumuuliza. La kwanza, atabadilisha seli zote au moja iliyokufa? Seli zilizoungwa mfululizo hufanya kazi kwa uwezo wa ile dhaifu kuliko zote, hivyo seli moja mpya kati ya tano kuukuu ni pesa iliyotupwa. La pili, seli anazitoa wapi? Seli za betri za laptopu zina ukubwa uleule na mara nyingi ujazo mkubwa zaidi, lakini zilitengenezwa kutoa umeme polepole. Vakyumu ya wati 350 kwa volti 22 inadai karibu ampea 16 kwa mkupuo. Seli ya laptopu ikidaiwa hivyo inapata moto na volti zake zinaporomoka. Bodi ya ulinzi inakata, na mashine inazima kila unapogusa kasi ya juu. Omba seli za mtiririko mkubwa, aina inayotumika kwenye drili za betri. Na ukionyeshwa 18650 iliyoandikwa mAh 9,900, irudishe mezani: hata seli bora za ukubwa huo hazifiki nusu ya hapo.

Kabla ya kununua mashine yenyewe, basi, angalia kama betri inachomoka kwa kitufe au imefungiwa ndani kwa skrubu, na uulize kama betri mpya ya modeli hiyo inapatikana hapa nchini na kwa bei gani. Betri iliyochoka isitupwe na taka za jikoni, kwa kuwa ikibanwa na kutobolewa ndani ya lori la taka inaweza kuwaka. WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za elektroniki. Funga ncha zake kwa selotepu kabla ya kuibeba.